Chebeya, Bazana na jenerali ambaye hakupandishwa kizimbani

Kila tarehe 2 Juni ikifika, jina linalotajwa zaidi ni la Floribert Chebeya, mtetezi wa haki za binadamu wa Kongo. La Fidèle Bazana huja baada ya mkato, na mara nyingine haliji kabisa. Bazana alikuwa dereva wa Chebeya. Bosi wake alizikwa Kinshasa Juni 26, 2010, siku nne kabla ya Kongo kusherehekea miaka 50 ya uhuru mbele ya wageni mashuhuri. Dereva hakuzikwa na ndugu zake, maana mwili haukuonekana.

Chebeya hakuwa mgeni wa vitisho. Alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa shirika la Sauti ya Wasio na Sauti, lililoanza kwa kificho mwaka 1983, wakati wa Mobutu. Mobutu akaondoka, akaja Kabila baba, kisha Kabila mwana, na katika miaka yote hiyo Chebeya alikamatwa, akatishwa, akaachiwa, akarudi ofisini. Miongoni mwa mafaili aliyokuwa akiyafuatilia mwishoni ni la mauaji ya wafuasi wa kundi la Bundu dia Kongo, waliouawa katika operesheni za polisi huko Kongo ya Chini.

Juni 1, 2010 aliitwa makao makuu ya polisi mjini Kinshasa akaonane na Inspekta Jenerali John Numbi. Alikwenda na Bazana. Akiwa kule aliwasiliana na mkewe kwa ujumbe wa simu. Usiku ukaingia, simu ikanyamaza. Kesho yake alikutwa amekufa kwenye kiti cha nyuma cha gari lake, eneo la Mitendi, pembeni mwa jiji. Ndani ya gari mlikuwa na kondomu, nywele za kike na kucha bandia. Aliyeupanga mchezo huo alitaka watu waamini kwamba mtetezi wa haki amefia kwenye starehe: funika kombe, mwanaharamu apite. Lakini hakukumbuka kuweka maelezo ya dereva alikokwenda.

Numbi alisimamishwa kazi ndani ya siku chache na akakana kuhusika. Kesi ilipoanza Novemba 2010 katika mahakama ya kijeshi, waliofunguliwa mashtaka walikuwa polisi wanane, watatu kati yao wakiwa mafichoni. Jenerali aliitwa kama shahidi. Juni 23, 2011 mahakama iliwahukumu kifo Kanali Daniel Mukalay na wale watatu wasiokuwepo, mmoja akapewa kifungo cha maisha, wengine wakaachiwa. Rufaa ikachukua miaka minne. Septemba 2015 Mahakama Kuu ya Kijeshi ilimpunguzia Mukalay adhabu hadi miaka 15, akabaki peke yake na hatia kati ya waliokuwepo mahakamani. Ukisoma mfuatano huo unaona mtungi ukivuja polepole.

Hapa ndipo sheria ya kimataifa inapoingia, tena kwa mlango ambao Kinshasa haikuutarajia. Kwenye karatasi, ulinzi ulikuwepo zamani. Desemba 9, 1998 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha Azimio la Watetezi wa Haki za Binadamu, baada ya mabishano yaliyoanza mwaka 1985. Kifungu cha 12 kinaitaka serikali imlinde mtetezi dhidi ya ukatili, vitisho na kisasi. Azimio si mkataba, kwa hiyo halimburuti mtu mahakamani. Mwanasheria wa Uganda, Margaret Sekaggya, akiwa mwangalizi maalumu wa Umoja wa Mataifa wa suala hilo, aliitembelea Kongo mwaka 2009 na kuandika juu ya hatari zinazowakabili watetezi nchini humo. Mwaka mmoja baadaye Chebeya aliuawa ndani ya mji mkuu, baada ya kuitwa na mkuu wa polisi.

Kilichouma zaidi ni Mkataba wa Kupinga Mateso wa mwaka 1984, ambao Kongo na Senegal zote zimejiunga nao. Huo unaitaka nchi itakayomkuta mtuhumiwa wa mateso ndani ya mipaka yake imshtaki au imkabidhi kwa nchi nyingine imshtaki, hata kama kosa lilitendwa mbali. Mmoja wa polisi waliohukumiwa bila kuwepo, Paul Mwilambwe, alikuwa amekimbilia Senegal. Alikwisha kusimulia mbele ya kamera kwamba aliyaona mauaji kupitia kamera za ulinzi za makao makuu, na kwamba amri ilitoka juu. Juni 2014, miaka minne baada ya kifo, familia zote mbili, ya Chebeya na ya Bazana, zilipeleka malalamiko Dakar kwa msaada wa Shirikisho la Kimataifa la Haki za Binadamu. Januari 2015 jaji wa Senegal alimfungulia Mwilambwe mashtaka. Dakar wakati huo ilikuwa ikijiandaa pia kumhukumu Hissène Habré, rais wa zamani wa Chad. Familia iliyonyimwa sikio nyumbani ilisikilizwa kilomita maelfu kutoka Kinshasa, na hilo linapaswa kutuaibisha kuliko kutufurahisha.

Kinshasa nayo haikupenda kukumbushwa. Mtengeneza filamu wa Ubelgiji, Thierry Michel, aliyeigeuza kesi hii kuwa filamu, alitua uwanja wa ndege wa N'djili Julai 2012 na kurudishwa alikotoka. Jitihada za kuzuia filamu ziliitangaza kuliko bango lolote.

Serikali ilipobadilika mwaka 2019 midomo ilianza kufunguka. Februari 2021 polisi wawili waliokuwa uhamishoni walikiri kupitia Redio ya Kimataifa ya Ufaransa kwamba walishiriki. Walisema Chebeya na Bazana walizibwa pumzi kwa mifuko ya plastiki, Bazana akafukiwa kwenye kiwanja cha jenerali mwingine, na amri ilikuwa ya Numbi. Mwezi uliofuata Numbi alitoweka Kongo, na jeshi likamtangaza mtoro. Kesi ilifunguliwa upya. Mei 11, 2022 Christian Kenga Kenga, mmoja wa wale watatu waliohukumiwa bila kuwepo, alihukumiwa kifo, mwenzake Jacques Mugabo miaka 12, na Mwilambwe, ambaye sasa alikuwa amerudi Kongo na kutoa ushahidi, akaachiwa huru. Katika kesi zote mbili Numbi hakukaa kizimbani kama mshtakiwa.

Juni 15, 2023 Kongo ilipata sheria yake ya kuwalinda watetezi wa haki za binadamu. Jimbo la Kivu Kusini lilikuwa limetangulia kwa amri yake ya mwaka 2016, na halikuhitaji kusukumwa: Julai 31, 2005 Pascal Kabungulu, mtetezi wa shirika la Warithi wa Haki, aliuawa kwa risasi mjini Bukavu. Sheria ya taifa ina mazuri yake, ila inamtaka mtetezi ajitambulishe kwa Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu na kuipa taarifa za kazi yake, na mashirika kadhaa yameipinga kwa sababu hiyo. Mtu anayekusanya ushahidi dhidi ya polisi hana haraka ya kuandikisha anwani yake serikalini. Chebeya anwani yake ilijulikana, na simu ilipopigwa alikwenda mwenyewe.