Bibi wa tarehe 1 Januari

Kwenye kadi ya kambi bibi yetu alizaliwa tarehe 1 Januari 1937. Wazee wengi hapa wameandikiwa siku hiyohiyo, ungedhani Burundi nzima ilizaliwa usiku mmoja! Mwenyewe anahesabu kivyake. Kwenye njaa ya 1943 na 1944, kule Gitega, alikuwa mtoto wa kuteka maji peke yake. Rwagasore alipouawa Oktoba 1961, alikuwa ananyonyesha mtoto wa pili. Basi miaka tunaipata.

Uhuru wa 1962 anaupita haraka. Ufalme kuondolewa 1966 hata hautaji. Anapokaa sana ni 1972. Mume wake alikuwa mwalimu. Waliitwa, wakapakiwa kwenye lori, hadi leo hakuna kaburi. Akachukua watoto wanne mpaka Muyinga kwa kaka yake, akalima mihogo na maharage. Ndadaye alipouawa Oktoba 1993, akavuka Kobero kwa miguu kuingia Ngara. Baadaye alirudi, na 2015 akavuka tena, safari hii na sisi wajukuu.

Ndugu mnaotuandikisha, tarehe ikikosekana msikimbilie Januari. Ulizeni njaa ile ilimkuta na umri wa kufanya kazi gani, ulizeni mtoto gani alikuwa mgongoni.

Mwisho wa 2018 redio ilitangaza kwamba Gitega inakuwa makao makuu ya siasa. Tukamkimbilia na habari. Akacheka: “Mpya hiyo? Baba yangu aliwabebea Wajerumani matofali ya boma palepale.”