Kauli mbaya ilitoka wapi?

Lalamiko kubwa dhidi ya wauguzi wetu ni la kauli mbaya. Mtu akitoka hospitali, hapa Tanga au kwingineko nchini, humsahau daktari, lakini humkumbuka muuguzi aliyemfokea. Sikatai kwamba wapo walio wakali kwa tabia. Lakini leo naomba tuulize swali la historia: ukali huo ulitoka wapi?

Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, mwananchi wa kawaida alitibiwa bure katika hospitali za Serikali. Mwaka 1977 hospitali za watu binafsi za kujipatia faida zikapigwa marufuku. Hata dawa zilipoadimika katika miaka ya 1980, muuguzi alikuwa na swali moja tu kwa mgonjwa: unaumwa nini?

Kisha uchumi ukatuelemea. Mwaka 1986 nchi ilikubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa, IMF, na mwaka uliofuata Benki ya Dunia ikahimiza nchi maskini ziwatoze wagonjwa ada. Julai 1993 uchangiaji ulianza katika hospitali za rufaa, na baadaye ukashuka hadi hospitali za mikoa na wilaya. Likazaliwa swali la pili: risiti iko wapi?

Kwenye karatasi sera haikuwa ya kikatili. Wajawazito, watoto wa chini ya miaka 5, na wagonjwa wa kifua kikuu, ukoma na UKIMWI walisamehewa. Maskini nao waliwekewa utaratibu wa msamaha. Lakini msamaha haununui pamba. Stoo ilipokuwa tupu, mjamzito aliyesamehewa alipewa orodha ya kwenda kununua: glovu, wembe, uzi.

Hapa kwetu hayo yalikuja wakati mbaya. Mkonge, ulioletwa na Wajerumani mwaka 1893, ulifikia kilele mwaka 1964 kwa tani zipatazo 230,000. Kufikia mwaka 1993 hazikufika hata 50,000. Mashamba mengi yakafifia pamoja na zahanati zake, na wakataji mkonge wa Muheza, Korogwe na Pangani wakabaki na maradhi yao bila mshahara.

Muuguzi mmoja mstaafu alinisimulia zamu zake za usiku za miaka ile, hospitali siitaji. Mama anavuja damu, mume hana fedha, stoo imefungwa, na mwenye ufunguo amelala kwake. Yeye anajua la kufanya na mikono yake imefundishwa, ila vifaa hana. Mara kadhaa alinunua glovu kwa mshahara wake, mpaka mshahara ukakataa. Mwishowe akawa anatoa ile orodha huku ameutazama ukuta, asiuone uso wa mgonjwa.

Mwanafalsafa wa Marekani, Andrew Jameton, aliipa hali hiyo jina mwaka 1984. Ni mateso ya dhamira: mtu anajua lililo sawa, lakini mahali pake pa kazi panamzuia kulitenda. Si uvivu, wala si uchovu wa kawaida. Na wengi hujitibu kwa kuufanya moyo uwe sugu. Moyo ukishakuwa sugu, ulimi nao hufuata.

Aliyewasha mshumaa siku ya kuhitimu na kuapa kumtumikia mgonjwa ndiye aliyeachiwa kazi ya kumwambia maskini kwamba hakuna. Waliotia saini sera hawakuwapo wodini usiku ule. Wahenga walisema, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Mwaka 2023 ilipitishwa Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, nayo ina maneno mazuri kuhusu wasio na uwezo. Maneno ya mwaka 1993 nayo yalikuwa mazuri. Basi tuipime sheria hii kwa jambo moja: mgonjwa asiye na kitu akifika saa nane za usiku, je, glovu zipo, na ufunguo wa stoo uko kwa nani? Tukishindwa kujibu hilo, tusimlaumu muuguzi peke yake kwa kauli yake.