Nembo za Toyota katika Barabara ya Mlali

Barabara ya Mlali, kata ya Wilaya ya Mvomero iliyo chini ya miteremko ya magharibi ya Milima ya Uluguru, ndiyo njia ya kupandia Langali na Nyandira katika nchi ya Mgeta. Kwa kuwa magari yanayoteremsha kabichi, viazi na njegere kutoka huko hutumikishwa miaka mingi kuliko alivyokusudia aliyeyaunda, nembo zilizofuatana kiwandani moja baada ya nyingine hukutana hapo kwa siku moja, na za Toyota ndizo zinazoonekana zaidi.

Mwaka 1936, kabla kampuni ya magari haijaundwa rasmi mwaka 1937, yaliitishwa mashindano ya kubuni nembo, ikapokelewa michoro ipatayo 27,000. Ulioshinda uliandika jina ndani ya duara kwa katakana, yaani mojawapo ya miandiko ya silabi ya Kijapani, na ndio uliosababisha Toyoda, jina la ukoo wa waanzilishi, liwe Toyota, kwa kuwa umbo jipya huandikwa kwa mivuto minane ya kalamu, idadi inayohesabiwa kuwa ya heri nchini Japani, tena liliitenganisha biashara na ukoo.

Mwandiko huo haukusomeka ng'ambo, hivyo magari ya kuuzwa nje, yakiwemo Land Cruiser za mfululizo wa 40 ulioanza mwaka 1960, yaliandikwa TOYOTA kwa herufi za Kilatini. Oktoba 1989, katika kuadhimisha miaka 50 ya kampuni, ilitolewa nembo ya duaradufu tatu, yaani maduara yaliyorefushwa, ambapo mbili za ndani hupishana na kufanya herufi T. Kampuni hueleza kwamba hizo mbili ni moyo wa mteja na moyo wa mtengenezaji, maelezo yanayonukia utenzi wa kibiashara. Yenye uzito zaidi ni sababu ya pili, kwamba umbo lenye pande zinazolingana hutambulika hata likionwa kwenye kioo cha dereva aliye mbele.

Hata hivyo, Land Cruiser za mfululizo wa 70, ulioanza mwaka 1984, ziliendelea kubeba herufi zile za zamani usoni. Mwaka huohuo Tanzania iliruhusu watu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa, na baadaye, biashara ilipozidi kufunguliwa, yakaingia kwa wingi magari yaliyotumika Japani, ambayo baadhi yake hayana duaradufu mbele: Crown ina taji, Mark X ina herufi X.

Mwaka 2020 tawi la Ulaya liliifanya nembo kuwa bapa na kuliondoa jina lililoambatana nayo, lakini badiliko hilo lilihusu matangazo na mawasiliano tu, wala halikugusa nembo inayobandikwa kwenye gari lenyewe.