Kuunda na Kurejesha

Baada ya Rais Melchior Ndadaye wa Burundi kuuawa mwezi Oktoba 1993, Warundi wengi walivuka mpaka kuingia Ngara, na baadhi yao wakakaa miaka mingi katika kambi ya Lukole, ambayo imekwisha kufungwa. Karani wa kambi kama ile ana kazi mbili zisizofanana. Afikaye mara ya kwanza huandikishwa. Ajaye na kadi hutafutwa tu daftarini, na siku yake ya kufika haibadiliki. Karani azichanganyaye humfanya mtu mmoja kuwa wawili, au humfutia miaka yake ya ukimbizi.

Mfasiri wa vitabu vya kompyuta naye yumo hatarini, atumiapo kitenzi kimoja, kuunda, mahali panapotaka viwili. Kiolwa ni kitu cha ndani ya programu, chenye data na kazi zake. Dhana hiyo ilianza Norway kwa lugha ya Simula ya Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard. Toleo lake la 1967 ni hirimu ya Baraza letu. Hifadhidata ya majedwali ilielezwa na E. F. Codd mwaka 1970. Pande hizi mbili hazikuzaliwa pamoja, ndipo zikahitajiwa programu za kuzipatanisha, kama Hibernate iliyoanza mwaka 2001.

Kiolwa kipya hupitia kiundaji, ambacho hukagua masharti na pengine kutia tarehe ya leo. Rekodi isomwapo kutoka hifadhidata, hayo yalikwisha kufanyika. Kwa hiyo Hibernate kwa kawaida hutaka kiundaji kisichodai chochote, kisha huzijaza sehemu za kiolwa yenyewe. Doctrine, ya lugha ya PHP, hukiruka kiundaji kabisa. Tena, ndani ya kikao kimoja, safu moja ya jedwali haitoi violwa viwili.

Wanenao Kiingereza husema kiolwa hicho hutiwa maji, mithili ya maharage makavu yaloweshwayo. Picha yapendeza, ila hatudhani mwanafunzi wa Biharamulo ataielewa bila kuelezwa. Kufufua tumelikataa, maana kilichomo rekodini hakikufa. Twapendekeza kurejesha, na kuunda libaki kwa kiolwa kipya.

Hata hivyo neno hili lina mwiba. Kwa mkimbizi, kurejeshwa ni kupelekwa kwao, apende asipende. Mfasiri wa programu ya uandikishaji asithubutu kuandika “rejesha mkimbizi” juu ya kitufe. Na aandike “fungua rekodi”, kurejesha akiwaachia watunga programu.