Unaendesha gari Marekani? Kagua bima yako kabla theluji haijaanza

Gari lako likiteleza kwenye barafu na kugonga nguzo, bima ya lazima ya jimbo la Minnesota haitoi hata senti kulitengeneza. Gharama yote ni yako.

Minnesota ni makazi ya Wakenya wengi na wazungumzaji wengine wa Kiswahili. Theluji huko inaweza kuanza Oktoba na kuendelea hadi Aprili. Kama umenunua bima ya bei ya chini ili tu upate ruhusa ya kuwa barabarani, soma hapa kabla baridi haijakolea.

Bima ya lazima inalipa nini?

Kwa sheria ya Minnesota, bima yako lazima iwe na angalau:

- Dola 30,000 kwa mtu mmoja uliyemuumiza, na dola 60,000 kwa ajali nzima.
- Dola 10,000 kwa mali ya mtu uliyoiharibu.
- Dola 40,000 kwa ajili yako ukiumia: 20,000 za matibabu, na 20,000 za hasara kama mshahara uliokosa. Hizi hulipwa bila kujali nani mwenye kosa.
- Kinga ukigongwa na mtu asiye na bima au mwenye bima ndogo mno.

Umeona? Gari lako halimo. Halafu angalia hizo dola 10,000 za mali. Ukigonga gari jipya hasara inaweza kupita hapo, na kinachozidi unaweza kudaiwa wewe. Kwa hiyo uliza bei ya kupandisha kiwango hicho.

Usitegemee kusema "ni barafu, si mimi". Kampuni za bima huhesabu kwamba dereva alipaswa kupunguza mwendo kulingana na hali ya barabara.

Bima kubwa ya huko ni vipande viwili

Nyumbani tumezoea bima kubwa na bima ndogo. Marekani kinga ya gari lako mwenyewe inauzwa kwa vipande viwili. Kwenye karatasi utaona "collision", yaani bima ya kugonga, na "comprehensive", yaani bima ya majanga mengine. Ukiwa na kimoja tu, huna kingine.

Hivi ndivyo vinavyofanya kazi wakati wa baridi:

- Umeteleza ukagonga nguzo, gari au ukingo wa barabara: bima ya kugonga.
- Umeingia kwenye shimo, rimu ikapinda: bima ya kugonga.
- Tawi limeelemewa na barafu likaangukia gari: majanga mengine.
- Umemgonga kulungu: majanga mengine.
- Umemkwepa kulungu ukagonga mti: bima ya kugonga.
- Umeliacha gari linaunguruma lipate joto, likaibwa: majanga mengine. Ila kuna sehemu ambako kuliacha hivyo bila mtu ni kosa lenye faini.
- Injini imeharibika kwa kuganda: kwa kawaida hakuna anayelipa.

Pesa unayoanza kutoa mwenyewe

Kila kipande kina kiasi unachotoa mfukoni kwanza. Kwenye karatasi kinaitwa "deductible". Tuseme matengenezo ni dola 2,600 na kiasi chako ni 1,000. Bima italipa 1,600.

Jiulize: leo usiku nikiteleza, hiyo elfu moja ninayo? Kama huna, omba ishushwe hadi 500. Malipo ya kila mwezi yatapanda kidogo, lakini hutakwama na gari bovu.

Kwa gari la zamani piga hesabu kinyume. Likiwa na thamani ya dola 2,000 na wewe unaanza na 1,000, kikubwa utakachopata ni kama 1,000 tu. Bima ya kugonga ikikugharimu karibu na hapo kwa mwaka, haina faida. Lakini gari likiwa la mkopo, mkopeshaji kwa kawaida hukutaka uwe na vipande vyote viwili.

Mambo 5 ya kuuliza kabla ya theluji

1. Msaada wa barabarani. Je, wanalipia kuvuta gari na kuwasha betri iliyokufa? Kwa umbali gani?
2. Gari la kukodi. Lako likiwa gereji, utaendaje kazini?
3. Kazi ya kupeleka chakula au abiria. Bima nyingi za binafsi hazilipi ajali ukiwa kwenye kazi hiyo. Sema ukweli, na uombe nyongeza inayohusika.
4. Matairi ya theluji. Uliza kama yana punguzo. Ukiwa Ontario, Kanada, kampuni zinatakiwa kutoa punguzo hilo tangu 2016. Ukiwa Quebec ni lazima kuyafunga kuanzia Desemba 1 hadi Machi 15.
5. Gari la kupaki msimu mzima. Usifute bima yote kimyakimya. Ukikaa muda bila bima, siku ukirudi unaweza kutozwa zaidi. Uliza kama unaweza kubaki na kinga ya majanga mengine peke yake. Ukikubaliwa hivyo, gari lisitoke kabisa, hata kwenda dukani.

Usisubiri utabiri wa dhoruba

Mabadiliko ya bima huanza tarehe yaliyokubaliwa, hayarudi nyuma. Ukiteleza asubuhi na kupiga simu mchana, umeshachelewa.

Fungua programu ya bima yako kwenye simu, tafuta ukurasa wa muhtasari na uangalie kama yale maneno mawili yapo. Ukimpigia wakala na Kiingereza kinakupa shida, uliza kama kuna mkalimani wa Kiswahili. Ukibadilisha chochote, omba uthibitisho kwa maandishi wenye tarehe, kisha uuhifadhi.