Jeni ya lacZ na Kuachwa kwa Nadharia ya Kichochezi cha Ndani

Kabla ya kuwa kiashiria katika biolojia sintetiki, jeni ya lacZ ilimpinga Jacques Monod. Yeye alishikilia kwamba bakteria wanaozalisha beta-galaktosidase pasipo laktosi hujitengenezea kichochezi ndani mwao. Mwishoni mwa 1957, katika Taasisi ya Pasteur, Paris, Monod, Pardee na Jacob waliingiza jeni nzima katika bakteria wa aina hiyo waliokuwa na lacZ mbovu. Kimeng'enya, ambacho hupimwa kirahisi kwa rangi ya njano, kilitokea baada ya dakika chache. Kisha uzalishaji ukakoma, ukarejea tu kilipoongezwa kichochezi. Kichochezi cha ndani kisingeuacha ukome. Palikuwa na kizuizi, wazo ambalo Monod alikiri kulisikia kwa Szilard, mwanafizikia.