Justine Henin: Umbo dogo, mataji makubwa

KATIKA enzi ambapo tenisi ya wanawake ilitawaliwa na wachezaji warefu wenye mipigo ya kishindo, Mbelgiji Justine Henin, aliyekuwa na kimo cha mita 1.67 pekee, alidhihirisha kuwa akili ni mali.

Alizaliwa Juni 1, 1982 mjini Liège. Mwaka 1992, mamake alimpeleka Paris kutazama fainali ya French Open baina ya Monica Seles na Steffi Graf. Binti huyo aliahidi kwamba siku moja angecheza katika uwanja ule ule. Mamake aliaga dunia kwa saratani mwaka 1995, kabla ya kuishuhudia ahadi hiyo ikitimia. Ilitimia mwaka 2003, Henin alipomlaza Mbelgiji mwenzake Kim Clijsters 6-0, 6-4 katika fainali.

Silaha yake kuu ilikuwa mpigo wa upande wa kushoto, alioupiga kwa mkono mmoja ilhali wapinzani wake wengi walitumia miwili. Aliweza kuuzungusha mpira ukaruka juu ya bega la mpinzani, au kuukata ukatambaa chini. Aidha, alikuwa na miguu myepesi na hakuogopa kusogea wavuni.

Ustadi huo ulimfaa zaidi kwenye udongo, ambako mpira hupunguza kasi na kumpa mchezaji nafasi ya kupanga mashambulizi. Alitwaa French Open tena mwaka 2005, 2006 na 2007. Aliongeza US Open 2003 na 2007, Australian Open 2004, na dhahabu ya Olimpiki jijini Athens 2004.

Taji la Wimbledon pekee lilimponyoka. Alishindwa katika fainali na Venus Williams mwaka 2001, kisha Amélie Mauresmo mwaka 2006.

Mei 2008 aliushangaza ulimwengu kwa kustaafu akiwa nambari moja duniani, nafasi aliyoishikilia kwa jumla ya wiki 117. Kiu ya Wimbledon ilimrejesha uwanjani mwaka 2010, lakini ni huko huko alikoanguka na kuumia kiwiko cha mkono wa kulia. Januari 2011 jeraha hilo lilimlazimu kuitundika raketi, akiwa na umri wa miaka 28.